Forodhani: Bustani Iliyobaki na Jina la Kazi

Mwaka 1936 Sultani Khalifa bin Haroub alitimiza miaka 25 katika kiti cha Zanzibar. Kwa kuadhimisha siku hiyo, kiwanja kilichokuwa kati ya Ngome Kongwe na bahari kiligeuzwa bustani, ikaitwa Bustani ya Jubilei. Jina hilo liliishi miaka isiyofika 30. Yalipokuja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 liliondoka pamoja na utawala uliolileta, na ramani nyingine zikaanza kuiandika Bustani ya Jamhuri. Lakini mtu wa Unguja anayetaka kupunga upepo jioni hasemi kwamba anakwenda Jubilei, wala hasemi anakwenda Jamhuri. Husema anakwenda Forodhani. Bibi yake alisema hivyo, na wajukuu zake wanasema hivyo hivyo.

Nataka kuieleza historia ya bustani hii kwa kulifuata jina hilo, kwa sababu naamini ndilo ukumbusho wa kweli wa pahala hapa kuliko jiwe lolote lililosimamishwa juu yake.

Forodha ni pahala panapotozwa ushuru wa bidhaa zinazoingia na kutoka. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na sisi tukalitia -ni yetu ya mahali. Miji ya pwani inaijua sana kazi hiyo. Mombasa nako kuna Forodhani, jirani na Bandari ya Kale. Hakuna mtawala aliyekaa akalitunga jina hilo. Limetoka midomoni mwa watu waliokuwa wakienda pale kila siku: nahodha anayetafuta ruhusa ya kuteremsha shehena, karani mwenye daftari lake, mchukuzi mwenye gunia begani. Ukimwuliza mmoja wao anakwenda wapi, angekujibu kwa neno hilo moja na usingehitaji maelezo.

Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, ufuo huu ndio uliokuwa mlango wa mji. Vyombo vilikuja na kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi: mabaghala, sambuki, bedeni, vikishusha tende, samli, papa mkavu, mazulia na nguo. Upepo ulipogeuka kuwa kusi vikarudi makwao na karafuu, nazi, boriti za mikoko, sandarusi na pembe za ndovu. Waamerika nao walifika, hasa kutoka mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, na kitambaa chao cheupe cha pamba kikaenea bara nzima kwa jina la merikani, jina ambalo wazee wetu walilitumia mpaka juzi. Mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zao, na pahala pa kuulipa palikuwa hapa.

Sultani hakuukusanya ushuru huo kwa mkono wake. Aliikodisha forodha kwa mfanyabiashara, ambaye alimlipa kiasi walichokubaliana kwa mwaka, kisha mwenyewe akakusanya na ziada ikawa yake. Aliyesifika zaidi ni Jairam Shivji, Mhindi wa Kach, ambaye nyumba yake ya biashara iliishika forodha ya Unguja kwa miaka mingi. Baadaye aliishika Tharia Topan, yule ambaye bado tunamtaja tunapopita kwenye zahanati ya zamani ya Mizingani, jengo lenye roshani za mbao zilizochongwa kama kazi ya sonara. Zahanati hiyo ilianza kujengwa mwaka 1887 kuadhimisha jubilei ya Malkia Victoria. Kwa hiyo ufuo huu ulikwisha kuzoea jubilei za watu wengine hata kabla ya ile ya Sultani Khalifa.

Ipo shehena nyingine iliyopita hapa, na mwandishi wa historia ya Forodhani hana haki ya kuipita haraka. Ni watu. Waliletwa kutoka bara, wengi kwa njia ya Kilwa, wakiwa wamebanwa ndani ya majahazi, wakateremshwa kwenye mchanga huu, wakahesabiwa, na mwenye kuwaleta akawalipia ushuru kwa kichwa kama alivyolipia fungu la pembe. Waliokufa njiani hawakulipiwa. Kutoka hapa walipelekwa sokoni, na soko la mwisho la watumwa lilikuwa Mkunazini. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, akiwa amebanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kuyafunga masoko hayo na kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Mkunazini leo pana kanisa kuu la Kianglikana, na uani kwake sanamu za watu watano wamefungwa minyororo shimoni, kazi ya Clara Sörnäs iliyowekwa mwaka 1998. Wageni hupelekwa pale kwa makundi, na ni vizuri. Lakini Mkunazini ni pahala walipouzwa. Pahala walipokanyaga nchi kavu kwa mara ya kwanza katika kisiwa hiki ni huku pwani, ambako sasa tunakula mishkaki.

Sisemi haya ili kumharibia mtu chakula chake. Nayasema kwa sababu neno forodha ndilo linaloyabeba. Lingebaki jina la Jubilei peke yake, pangekuwa pahala pa maua na bendi tu, na lile daftari la vichwa lingezama bila kuacha alama.

Bustani imezungukwa na majengo makubwa, na kila moja lina habari yake. Nyuma yake kuna Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwatoa Wareno, juu ya mabaki ya kanisa la Kireno. Upande wa kulia, ukiwa umeielekea bahari, kuna Beit al-Ajaib, jumba la maajabu alilolijenga Barghash mwaka 1883 kwa ajili ya hafla zake. Mbele ya jumba hilo Barghash alisimamisha mnara mrefu wenye saa na taa, ambao mabaharia waliuona tokea mbali usiku.

Mnara huo haukudumu. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza. Wakampa muda mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ameondoka. Hakuondoka. Manowari zilizokuwa zimetia nanga mbele ya ufuo huu zikafyatua mizinga, na katika muda wa dakika 40 hivi kila kitu kilikuwa kimekwisha. Watu wa upande wa Khalid waliouawa au kujeruhiwa walikuwa karibu 500. Jumba la Beit al-Hukm lilibomoka lisijengwe tena, mnara wa Barghash ukaharibika, na meli ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama pale pale mbele ya mji. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini kwa miaka mingi, mpaka mabaki yalipoondolewa mwaka 1912. Watoto waliokuwa wakicheza ufuoni miaka hiyo walikua wakiitazama kila siku. Vitabu vya rekodi vinapenda kuviita hivi vita vifupi kuliko vyote duniani. Kwa aliyefiwa na ndugu yake asubuhi ile sidhani kama ufupi wake ulikuwa na maana yoyote.

Saa ilihamishiwa kwenye mnara uliojengwa usoni pa Beit al-Ajaib, na shughuli za forodha zikaendelea. Mwaka 1905 ukaongezeka mlio mwingine: gari la moshi la Bububu, lililojengwa na kampuni ya Kimarekani, lilianzia karibu na Ngome na kukata mji kuelekea kaskazini kwa kiasi cha maili 7. Hebu fikiria ufuo huo ulivyokuwa: vyombo vinashusha, hamali wanasukuma, treni inapuliza, na juu ya yote harufu ya karafuu iliyoanikwa. Kiwanja kidogo namna hii kilibeba uchumi wa nchi nzima.

Kisha kazi ikahama. Katika miaka ya 1920 serikali ilijenga bandari mpya Malindi, yenye gati na maghala, na meli zikaenda huko. Reli ya Bububu nayo ikafa muda si mrefu, imeshindwa na motokaa. Kiwanja cha Forodhani kikabaki wazi katikati ya mji, mbele ya majumba ya fahari, kikiwa hakina kazi. Ndipo ilipokuja jubilei ya 1936.

Waliopanga bustani ile walijua walichokifanya. Mji Mkongwe ni mji wa vichochoro. Nyumba zake zimepakana ukuta kwa ukuta, mtu akifungua dirisha anaweza kumpa jirani chumvi, na upepo unaingia kwa kupenya. Mji wa namna hiyo unahitaji pahala pa kutokea nje kama nyumba inavyohitaji ua. Wakatengeneza njia za kutembelea, nyasi, miti ya kivuli na viti vya kukalia, na katikati wakajenga jukwaa la duara ambapo bendi ya Sultani ilikuja kupiga muziki, watu wakasikiliza bure. Jukwaa hilo limesimama mpaka leo. Mimi nalihesabu kuwa kitu cha thamani kuliko vyote vilivyojengwa ndani ya bustani, kwa sababu lilijengwa ili watu wa kawaida wasikilize, na hapana kiingilio kilichowahi kuwekwa kati yao na sauti.

Kumbukumbu ya pili iko ukingoni mwa bahari. Ni tao jeupe la umbo la Kiarabu, na chini yake ngazi za kushukia majini. Lilijengwa mwaka 1956 kwa ajili ya Binti Mfalme Margaret, ndugu wa Malkia Elizabeth, aliyezuru Zanzibar mwezi Oktoba mwaka huo. Ilitarajiwa atue kwenye ngazi hizo, apite chini ya tao, aingie mjini kwa heshima. Lakini alishukia pengine, na tao halikutumika kwa kazi iliyolijengesha. Limesimama tokea siku hiyo likiwa mlango wa mgeni ambaye hakupita.

Na waliolipatia kazi ni watoto. Ukuta wa Forodhani ndio skuli ya kuogelea ya vijana wa mjini. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, utawaona wamejipanga foleni, wengine wadogo sana, wanapiga mbio juu ya sakafu, wanajirusha, wanapinduka hewani mara mbili, na wanaingia majini kichwa kwanza. Waliokaa viti vya pembeni hupiga makofi. Kila mmoja ana namna yake ya kuchupa, na wenzake wanaijua na kuitaja kwa jina. Hakuna mwalimu. Mdogo anamwangalia mkubwa, anajaribu, anaanguka kwa tumbo, anachekwa, anapanda tena. Nimeliona hilo miaka yote na sijachoka kuliangalia.

Baada ya 1964 bendi ya Sultani ilikwisha, na bustani ikaingia mikononi mwa watu ambao hawakualikwa katika sherehe ya 1936. Polepole wachuuzi wa chakula wakaifanya yao. Mwanzo ni wa kahawa, na mabirika yao ya shaba na vikombe vinavyogonganishwa, wa kashata, wa muhogo wa kuchoma. Kisha wakaja wa pweza na wa mishkaki, wakatandika meza, wakawasha karabai. Miaka ya 1980 na 1990, nchi ilipoufungulia mlango utalii, wageni walikuta soko la usiku limekwisha kukomaa. Hilo nalisisitiza kwa sababu siku hizi unasikia watu wakisema kwamba soko la Forodhani lilianzishwa kwa ajili ya watalii. Watalii walilikuta.

Lakini wingi wa watu ulikuja na uchakavu. Bustani ilichoka. Ukuta wa bahari ulikuwa ukiliwa kwa chini na mawimbi, maji ya mvua yalituama, nyasi zilikufa zikabaki vumbi na matope, na taa zilikuwa chache. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia, na ikawa ni fedheha kwamba uso wa mji wenye heshima hiyo ulikuwa umechakaa kiasi kile.

Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ambao ulikwisha kuitengeneza zahanati ya Tharia Topan, ukaichukua kazi ya Forodhani kwa makubaliano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Wachuuzi walihamishwa kwa muda, eneo likazungushiwa uzio mwanzoni mwa 2008, na mafundi wakaanza na vitu ambavyo jicho halivioni: ukuta wa bahari, mifereji ya maji machafu, mabomba ya maji safi, nyaya za umeme chini ya ardhi. Baada ya hapo zikaja njia za mawe, nyasi, miti, taa, pahala pa kuchezea watoto na eneo maalumu la wapishi. Jukwaa la bendi likatengenezwa likarudi katika hali yake. Tarehe 30 Julai 2009 Rais Amani Abeid Karume na Aga Khan waliifungua tena bustani. Gharama yake ilikuwa zaidi ya dola milioni 2 za Marekani. Miaka iliyofuata ukuta wa Mizingani, unaoendelea kutoka Forodhani kuelekea Malindi, nao ukajengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukawa njia pana ya kutembelea mpaka kwenye Mti Mkubwa, ule alioupanda Sultani Khalifa mwaka 1911.

Walikuwapo walionung'unika. Walisema bustani imekuwa safi mno, ya kizungu mno, na kwamba mchuuzi aliyevishwa koti jeupe na kofia ndefu ya mpishi wa hoteli si yule waliyemzoea. Naielewa hoja yao, lakini siikubali. Mwanamke anayekuja na watoto wake jioni anataka taa inayowaka na choo kinachofanya kazi. Mchuuzi anataka maji ya bomba karibu na meza yake. Uchafu haukuwa sehemu ya utamaduni wetu. Ulikuwa umaskini wa matunzo. Ninalolikubali ni manung'uniko ya bei. Meza nyingine humtajia mgeni bei moja na mwenyeji nyingine, na wapo wenyeji ambao siku hizi huja kutembea tu, chakula wanakula nyumbani. Bustani ya umma ambayo mwenyewe hawezi kununua kitu ndani yake imepungukiwa na jambo, na wanaoisimamia wanapaswa kuliangalia hilo kama wanavyouangalia ukuta.

Niielezee jioni moja, kwa yule ambaye hajafika.

Baada ya laasiri meza zinaanza kutandikwa. Mkaa unatiwa kwenye majiko, kipepeo kinapigwa, moshi wa kwanza unapanda ukielekea Ngome. Mashine ya miwa inawekwa sawa: gurudumu lake kubwa linazungushwa kwa mkono, mua unaingia mzima unatoka kapi, na juisi inachujwa ikiwa na ndimu na tangawizi ndani yake. Kwenye meza za samaki wapangaji ni mafundi wa macho. Pweza, ngisi, kamba, changu, nguru na jodari hutungwa vijitini, kila aina na safu yake, pembeni vipande vya limau na mkate wa ajemi au wa kumimina. Mwenye urojo ana sufuria yake ya rojo la njano lenye ukali wa ukwaju na embe mbichi. Anatia ndani bajia, kachori, mbatata, vipande vya mishkaki, juu ananyunyiza chipsi za muhogo na chatne ya nazi, anakupa bakuli unaondoka nalo. Na yuko fundi wa ile wanayoiita piza ya Zanzibar: anatanda unga juu ya meza iliyopakwa mafuta mpaka unakuwa mwembamba kama karatasi, anatia nyama ya kusaga, vitunguu na yai, anakunja pembe nne, anatupa kwenye chuma. Haifanani na piza ya Italia hata kidogo, wala haina haja.

Jua linatua upande wa Bara, nyuma ya vyombo vilivyotia nanga. Ngalawa zinazorudi na manahodha wanaowarudisha wageni kutoka kisiwa cha Changuu wanaingia kwa zamu. Adhana ya magharibi inapanda kutoka misikiti ya mjini, mmoja baada ya mwingine, na kwa dakika chache meza nyingi hubaki na mtu mmoja wa kuzilinda. Kisha watu hurudi, na bustani hujaa: familia zilizotandika mikeka kwenye nyasi, wazee wanaobarizi ukutani, wanafunzi, wachumba wanaokaa kwa masafa ya heshima, na paka wanaojua meza gani hutupa vichwa vya samaki. Mwezi wa Ramadhani mambo hugeuka. Mchana bustani huwa kimya, na uhai wake huanza baada ya futari na tarawehe, ukaendelea mpaka karibu na daku.

Mwezi Februari, tamasha la muziki la Sauti za Busara linapofanyika ndani ya Ngome Kongwe, ngoma husikika bustanini bila tiketi. Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, lililoanza mwaka 1998, nalo limekuwa likileta mashindano ya vyombo vya tanga mbele ya ukuta huu. Kwa siku hizo chache Forodhani hurudi kidogo kuwa kile ilichokuwa: ufuo unaotazama tanga na kubashiri chombo cha nani.

Kuna jeraha moja ambalo bustani inalitazama kila siku. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati Beit al-Ajaib likifanyiwa matengenezo yaliyofadhiliwa na Oman, sehemu kubwa ya mbele ya jumba iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu 2 walipoteza maisha. Wazee waliokuwa wamekaa Forodhani miaka 50 wakipimia wakati kwa saa ile walijikuta wanainua macho na kukuta mbingu. Jumba lililoepuka kubomolewa na mizinga ya 1896 liliangushwa na umri, chumvi ya bahari na matunzo yaliyochelewa. Kwangu mimi hilo ni onyo kwa bustani yenyewe. Ukuta wa 2009 unapigwa na bahari ile ile, na bahari haipumziki.

Mwaka 2036 bustani itatimiza miaka 100. Bila shaka patakuwa na sherehe, na naomba jukwaa la bendi lipigiwe muziki siku hiyo kama lilivyopigiwa mwanzo, watu wasikilize bure. Kwa wale watakaokaa katika kamati ya kuipanga nina ombi moja zaidi. Pale kwenye tao lililomsubiri mgeni asiyepita, juu ya ngazi zinazoshuka majini, pawekwe jiwe la kuwakumbuka waliopita kweli: mabaharia, makarani, wachukuzi, na wale walioteremshwa wakahesabiwa vichwa. Liandikwe kwa Kiswahili, na liwekwe chini, usawa wa macho ya mtoto anayetoka kuogelea.